Fedha za utafiti huenda wapi? Mwanafunzi wa uzamivu, safari zake, na historia ya Amani



Katika ziara zetu za sharika, swali moja limekuwa likijirudia. Kamati zinauliza: inakuwaje mfadhili anatoa fedha za kumsomesha mtu mmoja, tena kwa kumsafirisha hadi Copenhagen au London, wakati zahanati ya hapa haina hata mizani ya kupimia watoto? Wafadhili nao hutuandikia barua zenye swali hilo hilo kwa maneno mengine: kwa nini bajeti ya utafiti ina nauli nyingi hivi? Maswali yote mawili ni ya haki, na katika toleo hili tunajaribu kuyajibu kwa kirefu kidogo. Mifano tumeichukua milimani kwetu Usambara, kwa sababu sehemu chache za Afrika Mashariki zimefanyiwa utafiti kwa muda mrefu kama Amani.

Tuanze na mwanafunzi mwenyewe. Shahada ya uzamivu ni ya tatu, baada ya shahada ya kwanza na ya uzamili. Kwa kawaida ni kazi ya miaka mitatu hadi minne, ingawa wengi huizidi. Sehemu kubwa ya muda huo hayumo darasani. Anachukua swali moja ambalo bado halijajibiwa, analifanyia kazi chini ya wasimamizi, anaandika tasnifu na kuitetea mbele ya watahini. Akifaulu anaitwa Daktari, na hapo ndipo wazee wetu huanza kumpelekea vikohozi na maumivu ya mgongo, hata kama tasnifu yake ilihusu mizizi ya miti. Lakini alichopata ni uwezo wa kuuliza swali mwenyewe, kulitafutia fedha, kuongoza wenzake kulijibu, na kusimamia wanafunzi wengine baada yake. Ni uwezo huo unaolipiwa.

Amani kabla ya uhuru

Amani iko kwenye mwinuko wa takriban mita 900 katika Usambara ya Mashariki, wilaya ya Muheze. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha pale taasisi ya utafiti wa viumbe na kilimo, wakapanda bustani ya miti kutoka pande zote za dunia. Ilikuwa ni moja ya taasisi kubwa za namna hiyo katika nchi za joto. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliichukua, na mwaka 1927 ikafunguliwa upya kama kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki.

Kazi iliyofanyika ilikuwa ya kweli. Mfano mzuri ni mihogo. Katika miaka ya 1930 mtaalamu H. H. Storey alianza pale Amani kutafuta muhogo unaostahimili ugonjwa wa batobato, ule unaokunja majani na kuyatia madoa ya njano. Yeye na wenzake waliuchanganya muhogo wa kawaida na jamaa yake wa mwituni, yaani ule mti wa mpira ambao Wajerumani walikuwa wameupanda mashambani. Mbegu za kizazi cha michanganyiko hiyo zilipelekwa Nigeria katika miaka ya 1950, na kutokana nazo taasisi ya IITA ya Ibadan ilizalisha baadaye aina za mihogo zilizoenea Afrika nzima. Huenda muhogo unaostahimili batobato katika shamba la msomaji una nasaba yake Amani.

Lakini tuangalie mambo yalivyokwenda. Kuanzia mwaka 1948 utafiti wa kilimo ulihamishiwa Muguga, karibu na Nairobi. Mkusanyiko wa mimea mikavu ulioanzia Amani ulihamia Nairobi vilevile, na mpaka leo ndio shina la hifadhi ya mimea ya Afrika Mashariki iliyoko kule. Wataalamu waliondoka na ujuzi wao. Waliobaki ni watu wa milimani waliokuwa wakitunza bustani, wakibeba mizigo, wakikamata wadudu na kuosha vyombo vya maabara. Wengi wao walijua mimea na wadudu kuliko wageni waliowaajiri, lakini hakuna aliyewapeleka shule ili wao waulize maswali. Hata ua letu maarufu lilikwenda kwa njia hiyo. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani, alituma mbegu zake kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata likapewa jina la Kilatini la Saintpaulia kwa heshima ya familia hiyo. Leo linauzwa kwenye vyungu madirishani ulimwenguni kote. Usambara haikupata kitu katika biashara hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 majengo ya Amani yalipata kazi mpya, ile ya malaria na magonjwa yaenezwayo na wadudu, chini ya Donald Bagster Wilson. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, kituo kikawa cha Tanzania peke yake, kikaingizwa katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Baadaye shughuli nyingi zilishuka Muheze mjini, karibu na wagonjwa na barabara. Kikundi cha watafiti wa historia na mila, akiwemo Wenzel Geissler wa Chuo Kikuu cha Oslo, walikwenda kuangalia kilichobaki mlimani na kuchapisha kitabu mwaka 2016. Walikuta wafanyakazi wachache wakiendelea kutunza majengo, na maabarani panya weupe bado wanalishwa na kufanyiwa usafi kila siku, ingawa majaribio waliyofugiwa yalikuwa yamekoma zamani.

Tunawaomba wafadhili wautafakari mfano huo wa panya. Majengo yalikuwepo, mishahara midogo ilikuwepo, uaminifu wa wafanyakazi ulikuwepo. Kilichokosekana ni fedha za utafiti, na watu wa kutosha wenye uwezo wa kuziomba wakiwa pale pale.

Kilichobadilika

Mabadiliko yalikuja pole pole kuanzia miaka ya 1980, na yalikuja kwa njia ya watu kusoma. Wafadhili, hasa nchi za Skandinavia, walianza kuweka nafasi za masomo ndani ya fedha za utafiti wenyewe. Yaani mradi haukuruhusiwa kuja na mabingwa wa nje tu. Ulitakiwa kuonyesha ni Watanzania wangapi watasoma kupitia mradi huo, na kwa ngazi gani. Denmark, kupitia Danida, ilikuwa na mpango mahsusi wa kuimarisha utafiti katika nchi zinazoendelea ulioanza mwaka 1989.

Matunda ya mtindo huo tunayaona katika ushirikiano wa malaria uliofanya kazi hapa kaskazini mashariki, ulioitwa Joint Malaria Programme. Ndani yake walikuwemo NIMR, Chuo Kikuu cha Copenhagen, chuo cha tiba za nchi za joto cha London (London School of Hygiene and Tropical Medicine), na KCMC ya Moshi, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971 chini ya Good Samaritan Foundation na ambayo Walutheri wote tunaijua. Mwaka 2000 chuo hicho cha London kilipata dola milioni 40 kutoka mfuko wa Bill na Melinda Gates kwa ajili ya ushirikiano wa malaria na nchi nne, yaani Gambia, Ghana, Malawi na Tanzania, na sehemu ya fedha hizo ilisomesha wanafunzi wa uzamivu kutoka nchi hizo.

Hapa ndipo penye jibu la lile swali la nauli. Wanafunzi hao wengi hawakuhamia Ulaya. Walisoma kwa utaratibu ambao wenyewe huuita sandwichi, kwa sababu kipande cha Ulaya kiko katikati ya vipande viwili vya nyumbani. Mwanafunzi anaanza hapa, anapanga swali lake na msimamizi wake wa hapa. Anakwenda nje kwa miezi kadhaa kujifunza mbinu ambayo maabara yetu haina. Anarudi kufanya kazi vijijini kwa mwaka mmoja au miwili. Anakwenda tena kuchambua na kuandika, halafu anarudi kazini kwake. Kwa hiyo nauli ni nyingi, ndiyo, lakini ni nyingi kwa sababu kila mara anarudi. Nauli ya kwenda tu ingekuwa rahisi zaidi kwenye bajeti, na mara nyingi ingekuwa hasara zaidi kwetu. Mtu aliyekaa nje miaka minne mfululizo, watoto wake wakiwa wameanza shule huko, hana sababu nyingi za kurudi Muheze.

Upo pia utaratibu ambao mwanafunzi anabaki ameandikishwa katika chuo cha nyumbani, na shahada inatolewa na chuo cha nyumbani. Tume ya ufadhili ya Jumuiya ya Madola, kwa mfano, hulipia mwanafunzi wa namna hiyo hadi miezi 12 Uingereza. Faida yake ni kwamba ada kubwa ya kigeni hailipwi kwa miaka yote, na chuo cha hapa kinajenga jina. Ugumu wake ni kwamba chuo cha hapa lazima kiwe na msimamizi mwenye nafasi, na wasimamizi hao ni wachache na wamelemewa.

Nasi tungependa kuona zaidi safari za ndani ya Afrika. Umoja wa Ulaya umekuwa na mpango wa kulipia wanafunzi wa uzamili na uzamivu kwenda chuo cha nchi nyingine ya Afrika badala ya Ulaya. Ushirikiano wa THRiVE, ulioongozwa na Makerere na kuwashirikisha KCMC na NIMR Mwanza, ulisomesha watafiti wa afya kwa kuvitumia vyuo vya Afrika Mashariki pamoja na Cambridge na London. Mwanafunzi wa Moshi anaweza kupata Kampala alichokuwa akikifuata Uingereza, na chakula anakielewa.

Safari nyingine ni za kinyume. Katika misitu ya Amani, ambayo tangu 1997 ni hifadhi ya mazingira asilia yenye hekta 8,380 hivi, shirika la Tropical Biology Association la Cambridge limeendesha kozi za mwezi mmoja ambamo nusu ya wanafunzi ni Waafrika na nusu wanatoka Ulaya. Wanalala kambi moja na kupewa kazi moja. Ni fedha kidogo ukilinganisha na uzamivu, lakini urafiki wa kikazi huanzia hapo.

Wananchi walipata nini?

Hili ndilo swali la sharika, na halijibiwi kwa kutaja vyeti vya watu. Tutaje mambo matatu.

La kwanza ni kuhusu mlima wenyewe. Wazee walijua siku zote kwamba bondeni kuna homa na juu hakuna. Mwaka 2003 watafiti wa Denmark na wa NIMR walichapisha vipimo vya vijiji vya Usambara, wakaonyesha kwamba kuumwa na mbu wenye vimelea hupungua zaidi ya mara 1,000 kutoka mita 300 hadi mita 1,700. Katika miaka hiyo wananchi wa Mgome kule bondeni, na wa Ubiri na Magamba huku Lushoto, walitoa damu ili ijulikane jinsi kinga ya mwili inavyotofautiana kati ya anayeumwa mara kwa mara na asiyezoea. Mganga wa wilaya anayejua hayo anajua pia kwa nini mlipuko wa malaria milimani unaweza kuua hata watu wazima, na kwa nini asigawe dawa kwa kipimo cha idadi ya watu tu.

La pili ni chanjo. Korogwe ilikuwa moja ya vituo 11 katika nchi saba vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya 2009 na 2014, kwa watoto 15,459 kwa jumla. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Jaribio la aina hiyo halipewi kituo kisichokuwa na watu. Linahitaji madaktari, wataalamu wa maabara na watunza kumbukumbu waliokwisha kufunzwa, na kwa Korogwe watu hao walikuwa wameandaliwa na miaka ya ushirikiano tuliyoieleza.

La tatu ni vyandarua, nasi tunalipenda kuliko yote kwa kuwa linaonyesha muda unaotakiwa. Katika miaka ya 1980 watafiti wa kituo cha Amani na wenzao wa London walijenga vibanda vya majaribio eneo la Muheze. Watu walilala ndani chini ya vyandarua, vingine vimetiwa dawa, vingine havina, vingine vimetobolewa makusudi kwa kuwa ndivyo vyandarua vya kweli vilivyo majumbani. Asubuhi mbu walihesabiwa, wazima na wafu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1987 yalikuwa kati ya ushahidi wa mwanzo kwamba dawa inakifanya hata chandarua chenye matundu kuwa na faida. Miaka ilipita, mbu wakazoea dawa. Watafiti wa NIMR Mwanza, KCMC, London na Ottawa wakafanya jaribio kubwa Misungwi, wakiongozwa na Mtanzania, Dkt. Jacklin Mosha. Walitangaza mwaka 2022 kwamba baada ya miaka miwili malaria ilikutwa kwa asilimia 45.8 ya watoto katika maeneo yaliyopewa vyandarua vya kawaida, na asilimia 25.6 katika maeneo yaliyopewa vyandarua vyenye dawa mbili, moja ikiwa klofenapiri. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilivipendekeza vyandarua hivyo. Mfadhili aliyelipa nauli ya mwanafunzi mwaka 1995 hakuwa na namna ya kuandika hayo kwenye ripoti yake ya mwaka 1998.

Mahali panapovuja

Tusifiche matatizo. La kwanza ni kutegemea mfuko wa nchi moja. Mwaka 2021 Uingereza ilipunguza misaada yake kutoka asilimia 0.7 hadi 0.5 ya pato la taifa, na miradi ya utafiti iliyokwisha kusainiwa ilikatwa fedha katikati ya kazi. Julai 2025 shirika la Marekani la USAID lilifungwa. Mwanafunzi wa mwaka wa pili ambaye tayari amekusanya sampuli hana pa kwenda jambo kama hilo likitokea.

Tatizo la pili ni miaka miwili ya kwanza baada ya kuhitimu. Mfadhili anahesabu kazi imekwisha, picha ya joho imepigwa. Daktari mpya anarudi kwenye ofisi isiyo na kompyuta wala friji ya sampuli, anapewa vikao na semina, na baada ya muda anachukuliwa na shirika linalolipa dola. Kwa maoni yetu fungu dogo la kuanzia kazi, linaloandikwa kwenye mkataba tangu siku ya kwanza, lina thamani kuliko nafasi ya mwanafunzi wa ziada.

La tatu ni fedha za uendeshaji. Chuo cha Ulaya mara nyingi hukata asilimia yake kwa ajili ya umeme, majengo na uhasibu, wakati mshirika wa Tanzania anapewa gharama za shughuli tu, kana kwamba umeme wa Muheze ni wa bure.

Na yako mambo ya nyumbani. Mama mwenye mtoto mchanga anaombwa kuwa nje miezi tisa. Posho haimhesabu mtoto. Wanaume wachache wameulizwa swali hilo. Tungependa wafadhili wetu waulize ni wanawake wangapi walikataa nafasi, na kwa nini.

Barua ikifika kwenye usharika

Kwa kuwa watafiti hupitia mara nyingi kwa mchungaji au kwa wazee wa kanisa ili watambulishwe kwa wananchi, kamati zijue taratibu. Mtafiti awe na kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Kama ni utafiti wa afya, awe pia na kibali cha maadili cha NIMR. Na awe na barua za mkoa, wilaya na serikali ya kijiji. Usharika hautoi kibali na usijaribu kutoa. Kazi yetu ni kumtambulisha aliyekwisha kuruhusiwa, na kuwakumbusha watu kwamba wana haki ya kukataa, hata kama mchungaji amekubali.

Baada ya hapo yapo maswali ambayo kamati inaweza kuuliza kwa upole, na mtafiti mzuri hatakasirika. Katika mradi huu ni Mtanzania gani anasoma, na kwa shahada gani? Ameandikishwa chuo kipi, na msimamizi wake wa hapa ni nani? Sampuli zetu zikisafirishwa nje, zina mkataba wa kuzihamisha, na nani ataruhusiwa kuzitumia baadaye? Vijana wa kijiji watakaoajiriwa kukusanya takwimu watapata mafunzo yoyote yenye cheti, au posho ya siku tu?

Na lini atarudi kutusomea matokeo? Tunawashauri makatibu wa sharika waiandike tarehe hiyo kwenye daftari la usharika mbele ya mtafiti mwenyewe. Akirudi, matokeo yasomwe kwa Kiswahili katika mkutano wa kijiji, na penye wazee wengi yafafanuliwe kwa Kisambaa. Nakala moja ibaki ofisi ya kijiji na nyingine zahanati. Sharika ambazo zimekaa miaka miwili bila kusikia lolote kutoka kwa mtafiti zituletee jina la mradi na namba ya kibali chake, nasi tutaandika barua ya kuulizia kwa niaba yao.